Aletaye Huonja Kwanza

“Alistidia, hivi huyo mwanao unamlisha nini?”

Ma Kokubanza aliuliza hivyo wakitoka kanisani, huku anakung'uta vumbi kwenye kanga, kana kwamba anauliza bei ya maharage. Lilikuwa swali la jirani kwa jirani. Vibanja vyao hapa Kagoma vimepakana, migomba ya huyu ikiinama inaangukia kwa yule, na miaka yote hawajagombania hata mkungu mmoja. Kwa hiyo Alistidia alicheka tu.

“Namlisha ndizi na maharage, kama unavyowalisha wako.”

“Wangu mbona hawakimbii hivyo?”

“Wako wanaikimbia kazi, Ma Kokubanza.”

“Hapo umenipata,” akasema jirani, akacheka mpaka akashika kiuno. Lakini neno lenyewe hakuliacha. Alitazama nyuma kuona nani anawafuata, kisha akasogea. “Nakwambia kwa sababu ni wewe. Watu wanasema. Wanasema ulikwenda kwa mganga huko mpakani, ukaleta dawa, mtoto akachanjwa miguuni. Kule Bukoba aliwaacha wenzake nyuma mpaka ikawa kama anakimbia peke yake. Na mwaka juzi tu huyu huyu alikuwa wa nne. Mtu anaruka hivyo bila kitu?”

Alistidia alimuaga vizuri, akashika njia ya nyumbani. Mambo ya mganga hayakumuumiza sana. Yeye ni mtu ambaye tangu azaliwe hapa hapa Kagoma hajavuka kizingiti cha mganga, wala wakati alipozika mtoto wake wa pili, wala wakati mume wake, Ta Avit, alipolala na mguu ulioumwa na nyoka na shemeji zake wakamwita mkaidi kwa sababu anangoja gari la hospitali. Alimaliza darasa la saba, akaolewa, akalima kahawa na migomba, akaingia Legio ya Maria. Kwenye kwaya anaimba sauti ya kwanza tangu akiwa msichana, na mpaka leo akikosekana Jumapili moja watu huuliza kama ni mgonjwa. Maneno ya mganga angeyaacha yapite.

Kilichomchoma ni yale mengine. Mwaka juzi alikuwa wa nne. Kwa sababu hilo alikwisha kulifikiria mwenyewe, akalifukuza kwa Salamu Maria. Na sasa limerudi na miguu ya jirani.

Mwanae Joanitha ndiye kitinda mimba. Alianza kukimbia shule ya msingi, akaenda mashindano ya wilaya, ya mkoa, kisha mwalimu mmoja aitwaye Ildefons akamchukua. Ildefons naye alikuwa mkimbiaji zamani. Ana kikundi chake Bukoba, vijana wanakimbia asubuhi ufukweni na kupanda kilima, jioni wanatawanyika. Joanitha analala Hamugembe kwa shangazi yake, Restituta, dada wa Ta Avit. Anakimbia mita mia nane. Mwalimu alishawaambia wazazi kwamba akipita mchujo wa mkoa, kuna timu ya jeshi inamtaka, na huko ni ajira, ni mshahara, ni matibabu. Ta Avit alipenda sana neno hilo, ajira. Alilisema kwenye misiba na kwenye harusi.

Basi Pasaka Joanitha akaja nyumbani, na Alistidia, Mungu amsamehe, akaanza kumtazama mwanae kama mtu anavyomtazama mgeni aliyelala bila kusema anatoka wapi.

Akaona mabega. Yamepanuka, gauni la Krismasi limekataa kupita. Akaona chunusi mgongoni, nyekundu, mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa laini kama mafuta. Akaona hasira: kuku kamwaga maji, Joanitha kampiga teke mpaka kuku mwenyewe kashangaa. Lakini hayo yote angeweza kuyaelezea. Mazoezi. Mjini. Ujana.

Ni kwaya iliyomtoa usingizini. Jioni ya Jumamosi Kuu walikuwa wanarudia nyimbo, na Joanitha akasimama pale alipozoea kusimama, kando ya mama yake, sauti ya kwanza. Walipofika pale wimbo unapopanda, Alistidia alipanda peke yake. Aligeuka. Joanitha alikuwa amefungua mdomo, shingo imekaza, na kinachotoka ni mkwaruzo. Akajaribu tena. Sauti ikakatika, ikaanguka chini kabisa, mahali ambapo sauti ya msichana haikai.

“Joanitha, una mafua?” akauliza mwalimu wa kwaya.

“Kidogo.”

“Njoo huku nyuma kwetu!” mwanaume mmoja wa sauti ya nne akapiga kelele. “Nafasi ipo, tena utupe besi kidogo!”

Kanisa likacheka. Joanitha naye akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kizito. Alistidia hakucheka. Mafua anayajua. Amewahi kuimba na mafua, na homa, na mimba ya miezi minane. Mafua hufunga sauti, hayaiteremshi.

Jumatatu akifua nguo za mtoto alikuta ndani ya mfuko pakiti ya pedi aliyomnunulia Krismasi. Haijafunguliwa. Hapo moyo wake ukaenda mahali ambapo moyo wa mama yeyote wa huku ungekwenda kwanza. Akaanika nguo, akamwita mwanae nyuma ya jiko.

“Mwana wange, nambie mimi kabla hajaniambia mtu. Ni ya nani?”

“Nini?”

“Mimba.”

Joanitha akatoa macho, kisha akaangua kicheko. “Maawe! Mimba? Mama, nani anipe mimba, saa ngapi? Tunaamka gizani tunakimbia, tunarudi tunalala kama magogo.”

“Miezi yako iko wapi?”

Kicheko kikaisha. “Imekata. Ni mazoezi. Mwalimu alisema ikikata nisishtuke, wakimbiaji wote hukata.”

“Mwalimu, mwanaume, anajua habari za miezi yako, na mimi mama yako sijui?”

“Mama, usianze. Ni mambo ya michezo. Anatuangalia chakula, anatuangalia usingizi, anatupa vitamini. Si hizi hapa?” Akachomoa kikopo kwenye koti lake la mazoezi. Kilikuwa kikopo cheupe cha dawa. Karatasi ya jina imebanduliwa, imebaki gundi tu. Ndani yake vidonge vidogo vya rangi ya waridi. “Na sindano moja kila baada ya muda. Ya kuongeza damu.”

“Nani anachoma?”

“Yeye. Amesomea.”

“Amesomea wapi?”

“Mama!”

Alistidia akalainisha uso. Ni mtu mpole, na upole wake si wa kujifanya, ila siku hiyo aliutumia. “Basi nipe kimoja na mimi. Nina kahawa za kupalilia.”

Joanitha akacheka tena, akamwekea kidonge kimoja kiganjani. “Ila usimwambie mwalimu. Hataki vigawiwe.”

Kama ni vitamini, mbona mwalimu asiambiwe? Alistidia alikifunga kidonge kwenye pembe ya leso, na neno hilo akalifunga pamoja nacho.

Wiki iliyofuata alishuka Bukoba na ndizi zake. Alipomaliza kuuza alikwenda kwenye duka la dawa la Alpa, Mhindi mmoja ambaye familia yake imebaki pale mjini wakati wenzao wengi walishahama. Alpa anamfahamu tangu zamani. Ndiye aliyemuuzia dawa za watoto wote. Alikigeuza kidonge, akakitazama kwenye mwanga, akakirudisha.

“Mama Joanitha, kidonge bila jina mimi siwezi kusema ni nini. Nikisema, nitakudanganya.”

“Wanasema vitamini.”

“Vitamini ninazo hapa rafu nzima. Umeona hata moja nimeibandua jina?” Akasogeza kiti. “Mimi si maabara. Lakini sauti ya mtoto, miezi, mabega... sipendi. Mwambie aende hospitali. Na aliyempa, muulize uso kwa uso. Uangalie macho, usisikilize mdomo.”

Nafasi ya kumuuliza uso kwa uso haikuchelewa. Mchujo wa mkoa ulipokaribia, Ildefons mwenyewe alikuja Kagoma na pikipiki kuwasalimu wazazi, Joanitha nyuma yake, na mkononi sukari na mkate. Ni mtu mzuri wa sura, anacheka haraka, anamwita kila mama “mama yangu”. Ta Avit alifurahi mpaka akavaa kofia ndani ya nyumba.

“Karibu, mwalimu, karibu! Leo utaonja rubisi ya kweli, siyo ile ya mjini mnayotiliwa maji.”

Sasa kwetu, anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yako. Hajisifu kwamba ni kitamu. Anaonyesha kwamba hakina kitu. Hata padre akija, hata mkwe, mwenye nyumba humimina kidogo, akanywa, akameza, ndipo akakupa. Ukipewa bila kuonjewa, una haki ya kukiweka chini, na hakuna atakayekuita mwenye kiburi. Basi Ta Avit akamimina ile pombe ya ndizi, akanywa, akafuta ndevu, akampa mgeni. Mgeni akapokea kwa mikono miwili, akanywa. Mambo yakaenda vizuri. Wakaongea habari za mbio, za jeshi, za ajira.

Alistidia akatoka jikoni na kikapu kidogo cha ukindu chenye kahawa za kutafuna, zile tunazochemsha na majani na kukausha, tunazompa kila mgeni. Akapiga magoti, akakiweka kikapu mbele ya Ildefons. Akachukua kahawa moja, akaitafuna polepole, akameza. Kisha akasogeza kikapu. Katikati ya kahawa palikuwa na kidonge cha waridi.

“Hizi nyeusi ni zangu, mwalimu, nimeshaonja,” akasema. “Hiki umeleta wewe. Zamu yako.”

Ildefons alikitazama. Halafu akacheka, haraka kama kawaida yake. “Mama yangu bwana! Hii ni vitamini ya wanariadha.”

“Ndiyo, waitu,” akasema kwa heshima. “Onja.”

“Mimi nimeshazeeka, sikimbii tena.”

“Kwani vitamini huuliza umri?”

“Mama Joanitha,” akasema Ta Avit kwa sauti ya chini, “huyo ni mgeni.”

“Najua ni mgeni. Ndiyo maana mimi nimeonja.”

Ildefons aliweka kibuyu chini. Kicheko kilikuwa kimebaki mdomoni tu, machoni hakipo. “Sikiliza, mama yangu. Kuna vitu vya kitaalamu. Hii ni dozi ya wanawake, mwanaume haimfai.”

“Ee. Hapo nimeelewa.” Alistidia akakiokota kidonge. “Basi mimi ni mwanamke.” Na akakipeleka mdomoni.

Mkono wa Ildefons ulimkamata kifundo cha mkono kabla kidonge hakijafika. Kibuyu kilipinduka, rubisi ikatapakaa juu ya mkeka. “Hapana, mama! Usimeze! Una presha wewe!”

Kidonge kilianguka kikapotea kwenye nyasi za sakafuni. Mwalimu aliachia mkono, lakini nyumba nzima ilikwisha kuona. Joanitha alikuwa amesimama mlangoni na sinia la ndizi, mvuke unampanda usoni.

“Presha sina,” akasema Alistidia. Sauti yake haikupanda. “Sijawahi kuwa nayo. Na hata ningekuwa nayo, mwalimu, ni vitamini gani hii inayomwogopa mama na haimwogopi mtoto?”

Ildefons alisimama, akatafuta funguo za pikipiki kwenye mfuko wa kulia, kisha wa kushoto. “Nilikuja kwa heshima,” akamwambia Ta Avit. “Joanitha, mimi naondoka. Mchujo ni Jumamosi. Kama unakimbia, twende. Kama unabaki kutafuna kahawa, baki.”

Joanitha aliweka sinia chini, akaingia chumbani, akatoka na mfuko. Mama yake alimfuata hadi kwenye migomba ya mbele.

“Kwa nini hakutaka nimeze?”

“Sijui, mama.”

“Hujui, au hutaki kujua?”

Msichana alitazama pembeni. “Umeniaibisha. Nikikosa safari hii hakuna nyingine. Nitarudi hapa nilime.”

“Mimi nimelima maisha yangu yote, sijafa.”

“Nimekuona ulivyolima, mama,” akasema Joanitha kwa ile sauti yake mpya, akapanda pikipiki.

Siku zile Ta Avit hakuongea sana. Alikuwa anakwenda kutazama mahali rubisi ilipomwagika, anarudi kukaa. Mara moja tu alisema, “Yule mtu amekamata mkono wa mke wangu ndani ya nyumba yangu.”

Kisha Restituta akapiga simu kutoka Hamugembe. Alinong'ona kama mtu aliyejificha.

“Wifi, huyu mtoto macho yamekuwa ya manjano. Chakula anatapika. Mkojo wake kama chai ya rangi. Nikimwambia hospitali anasema baada ya Jumamosi, mwalimu kasema ni uchovu. Mimi ni shangazi tu, simwezi. Njoo.”

“Amemeza tena?”

“Mlango anafunga siku hizi, wifi. Sasa mimi nijue nini?”

Alistidia alimweleza mumewe. Akamweleza pia alichosikia kwa Alpa alipompigia kumuuliza: kwamba safari hii watu wa kupima wanakuja kutoka Dar es Salaam, watachagua wachache kwa kura na kuwapima mkojo, na anayekutwa na dawa hufungiwa miaka.

“Basi ukienda kusema,” Ta Avit akasema, “unamfungia mlango mtoto kwa mkono wako. Jeshi halitamtaka. Jina lake litasomwa redioni. Na yule bwana atapata mtoto mwingine wa kufundisha.”

“Na nisipokwenda?”

Ta Avit alivua kofia yake, akaanza kuizungusha zungusha.

Jumamosi Alistidia alivaa gauni la kanisani akaenda. Uwanja wa Kaitaba ulikuwa umeanza kujaa, watoto wa shule wanapiga ngoma, vumbi jepesi. Alimwona Joanitha upande wa pili akinyoosha miguu, bukta ya bluu, amevaa miwani myeusi, yeye ambaye hajawahi kuvaa miwani. Kabla hajamwita, Ildefons alitokea kutoka ubavuni.

“Mama yangu! Umekuja kumwona bingwa. Nimekuwekea kiti kule kivulini.”

“Ahsante. Nakwenda pale kwanza.”

“Pale ni kwa waamuzi. Hawaruhusu mtu.”

“Watanifukuza wao.”

Alimzuia njia, bado anatabasamu, maana watu walikuwa wanatazama. “Fikiria vizuri. Mimi sikimbii leo. Kikombe cha mkojo hakitaandikwa jina langu. Wakipima, ni mwanao watakayemkamata. Na kura ni kura, mama, huenda hata asiguswe. Akipita leo tu, Jumatatu nampeleka hospitali mwenyewe. Naapa.”

Yote aliyosema kuhusu mwanae yalikuwa kweli. Ni mtoto atakayelipa. Alisimama pale na mkoba wake kifuani, akaangalia ng'ambo. Joanitha alikuwa ameshamwona. Alivua miwani. Akatikisa kichwa, taratibu, hapana, mama, hapana. Na hata kutoka mbali ule umanjano ulionekana. Baada ya kutikisa kichwa aliinama, akashika magoti, akatapika kwenye majani, akajifuta haraka na fulana ili mtu asione.

Alistidia akampita Ildefons.

Kwenye meza alikaa msimamizi wa mashindano, mwanamke mnene mwenye filimbi shingoni aitwaye Anatolia, na kando yake wageni wawili wa Dar na sanduku lao. Vijana waliokuwa wanapanga namba za wakimbiaji walimtazama mama na mkoba wake.

“Mama, wauza karanga ni upande ule,” mmoja akasema, wenzake wakacheka.

“Nyamazeni,” Anatolia akasema. “Mama, shikamoo. Tukusaidie nini? Mbio zinaanza sasa hivi.”

Alistidia aliweka mkoba chini. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, ya kumlaumu mwalimu, ya kumtetea mtoto, na yote yalimtoka kichwani. Akaitikia salamu kwanza, kama inavyotakiwa.

“Marahaba, mwanangu. Mimi ni mama yake Joanitha, yule pale mwenye bukta ya bluu. Naomba msimwingize kwenye kura. Naomba mmpime yeye, kabla hajakimbia. Na mkimkuta na kitu, naomba mumtibu kwanza, ndipo mmwadhibu.”